Sanduku la Baba na Spika za Binti Yangu

Redio ya marehemu baba ingali katika chumba cha mbele cha nyumba yetu ya Dunda, Bagamoyo, juu ya meza ileile iliyoikalia tangu nilipokuwa mtoto. Ni Philips ya sanduku la mbao, ndefu kidogo kuliko mkono wa mtu mzima kutoka kiwikoni hadi ncha za vidole. Uso wake umevishwa kitambaa cha rangi ya mchanga, na nyuma ya kitambaa hicho mna spika moja tu, ya umbo la yai, yenye koni ya karatasi nyeusi. Tangu katikati ya miaka ya 1990 redio hii haijapata kukamata kituo chochote. Spika yake, hata hivyo, ni nzima, na kwa nyaya mbili ambazo fundi alizitoa kwa nyuma, tumeendelea kuitumia kusikilizia mambo mengine.

Mwaka 2022 binti yangu, afanyaye kazi Dar es Salaam, aliniletea jozi ya spika mpya. Ni visanduku viwili vyeupe, kila kimoja si kikubwa kuliko mkate wa boflo, vyenye amplifaya ndani yake. “Baba,” aliniambia, “sasa utausikia muziki wenyewe.” Sikumjibu neno, maana nilidhani muziki wenyewe nimekwisha kuusikia kwa zaidi ya miaka hamsini.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haijakosa mabishano, na nimeona yafaa niyaeleze humu. Tumeandika mengi juu ya namna watu wetu wanavyoimba, wanavyopiga ngoma na wanavyotunga mashairi. Juu ya namna wanavyosikiliza tumeandika machache mno, kana kwamba kusikiliza hakuna historia.

Walimu wa Kiswahili huenda wakaniuliza kwa nini nasema spika badala ya kipaza sauti. Sababu ni kwamba neno kipaza sauti limebebeshwa mizigo miwili: hutumika kwa chombo anachokishika msemaji mbele ya kinywa chake, na hutumika pia kwa chombo kinachomfikishia msikilizaji ile sauti. Katika maelezo haya vyombo vyote viwili vinahusika, na neno hilo lingetuchanganya. Spika ndilo neno la mafundi na la majumbani. Mheshimiwa Spika wa Bunge atatuwia radhi.

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, kisha likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, redio haikuwa mali ya mtu mmoja hata kama mmoja ndiye aliyeinunua. Ilikuwa mali ya baraza. Jioni baba alilibeba sanduku lake mpaka dirishani, akaligeuza uso nje, na watu wakakaa barazani kwa mpango ambao hakuna aliyeupanga: wazee karibu na dirisha, vijana ngazini, sisi watoto mchangani. Taarifa ya habari ilisikilizwa kimya. Muziki ulisikilizwa kwa mazungumzo. Kipindi cha Malenga Wetu kilisikilizwa kwa mabishano, kwa kuwa kila mzee aliyekuwapo alijiona anaweza kumkosoa malenga kwa mizani au kwa vina. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwa nchi nzima iliwafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, mimi nilikuwa na miaka sita. Namkumbuka mama akirudi kutoka kikundini na kutuamuru tufukie madimbwi nyuma ya nyumba kabla jua halijatua, kwa kuwa redio imesema.

Matangazo hayo yalikuja kwa mawimbi ya kati na mawimbi mafupi, na matangazo ya namna hiyo hayabebi sauti nyembamba zaidi ya mitetemo elfu nne au tano hivi kwa sekunde. Sikio la kijana husikia hadi karibu mitetemo elfu ishirini. Kwa hiyo waundaji wa redio hawakuwa na haja ya kutia spika iwezayo kutoa kile ambacho redio haikupewa. Waliunda chombo cha katikati, yaani cha sauti ya binadamu, chombo kilichoweza kusikika kutoka dirishani hadi ng'ambo ya njia kwa nguvu ya mawe machache ya redio. Mtu asemaye kwamba spika za zamani “zina utamu” husema kweli, lakini mara nyingi hajui kwamba sehemu ya utamu huo ni upungufu. Mikwaruzo ya santuri na mvumo wa mkanda viko katika zile sauti nyembamba, na spika ya zamani huviacha mlangoni pamoja na mengine.

Ama kwa ufundi wenyewe, mambo hayajabadilika kama tunavyodhani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba nyimbo zilizotiwa katika santuri, wasikilizaji wengi wa mwambao walizisikia kwa gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, isiyo na umeme wala spika, ila bomba tu. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 1925, wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walikuwa wamekwisha kueleza chombo ambacho hadi leo ndicho tunachokitumia. Chukua koili ya waya mwembamba, ibandike kwenye shingo ya koni ya karatasi, kisha itumbukize katika pengo la sumaku bila kugusa popote. Umeme wa sauti ukipita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma. Koni huenda mbele na nyuma pamoja nayo, ikisukuma hewa, na hewa hiyo ndiyo sauti. Sanduku la baba na visanduku vya binti yangu vyote hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Mwalimu wa fizikia anaweza kuvieleza vyote kwa mchoro mmoja ubaoni.

Tofauti iko katika nguvu. Redio za zamani zilikuwa na umeme mdogo wa kuendeshea spika, wati chache tu, au hata pungufu ya moja kwa zile za betri. Kwa sababu hiyo koni ilibidi iwe nyepesi, na sanduku liwe kubwa lenye mgongo ulio wazi, ili kila chembe ya umeme izae sauti. Sauti nene hazikutoka vizuri, maana hewa inayosukumwa mbele na ile inayosukumwa nyuma hukutana ubavuni na kuuana. Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alitoa spika ya sanduku dogo lililozibwa kabisa, ambamo hewa iliyofungiwa ndani hutumika kama springi ya koni. Sauti nene zikapatikana katika kisanduku cha kuwekwa rafuni, lakini kwa kulipia: spika ile ilitaka umeme mwingi. Mafundi wana kanuni isiyokwepeka: sanduku dogo, sauti nene, na matumizi madogo ya umeme, katika hayo matatu chagua mawili. Tranzista ziliposhusha bei ya umeme wa sauti, ulimwengu ukachagua sanduku dogo. Spika za binti yangu ni wajukuu wa uchaguzi huo. Kila kisanduku kina amplifaya mbili, moja ya koni ya sauti nene na moja ya ile spika ndogo mafundi waiitayo twita, na kijikompyuta cha kusahihisha makosa ya sanduku kabla hayajasikika.

Hata sumaku imebadilika, na habari yake inatuhusu kuliko tunavyojua. Sumaku za spika nyingi za zamani zilikuwa mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma. Kobalti ya dunia kwa sehemu kubwa ilitoka kwa majirani zetu wa Shaba, iliyoitwa Katanga kabla na baada ya hapo, ambako watu wa migodini huongea Kiswahili chao chenye ladha yake. Vita vilipozuka huko mwaka 1978, na Kolwezi ikatekwa, bei ya kobalti ilipanda mno, na waundaji wa spika wakaharakisha kuhamia sumaku nyeusi za kauri zisizohitaji kobalti. Wapo Ulaya na Japani wanunuao spika za kabla ya mwaka huo kwa bei ya dhahabu, wakiamini kwamba utamu uko katika ile sumaku ya zamani. Mimi siamini. Sumaku yenye nguvu sawa katika pengo lililoundwa sawa hufanya kazi sawa. Lakini nikilitazama sanduku la baba hunijia fikra kwamba yamkini chuma kilichotetemesha sauti nyumbani mwetu kilichimbwa na watu ambao tungeweza kuamkiana nao bila mkalimani.

Hewa ya mwambao nayo ina hukumu yake. Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 ziliwekewa ukingo wa sponji kuzunguka koni, na sponji hiyo huoza yenyewe baada ya miaka kumi na tano au ishirini, sembuse hapa kwetu penye joto, unyevu na chumvi. Nimeziona katika nyumba za jirani: mashine nzuri zilizoletwa kwa meli, zimenyamaza, na ukingo wao ukigusa kwa kidole huanguka kama jivu la sigara. Sanduku la baba halikuwekewa sponji. Ukingo wake ni karatasi ileile ya koni iliyokunjwa mikunjo, na kwa sababu ya umaskini huo limewazika vijana waliokuja baada yake. Fundi wetu alipolifungua alikuta kiota cha mjusi na kutu kidogo. Akapuliza, akafuta, akafunga.

Nilitaka kuvilinganisha vyombo hivi kwa haki, na hapo ndipo nilipogundua jinsi ilivyo vigumu. Kwanza, sauti iliyo juu kidogo tu humdanganya msikilizaji, naye huiona kuwa bora; basi ni lazima vyombo vyote viwili vilinganishwe ukubwa wa sauti kabla ya kuvihukumu. Pili, macho huhukumu kabla ya masikio. Floyd Toole na Sean Olive walionyesha mwaka 1994 kwamba watu wakiziona spika, wakiwamo wazoefu wa kazi hiyo, hutoa alama tofauti na zile wanazotoa spika zikiwa nyuma ya pazia. Tatu, chumba. Vyumba vya nyumba za zamani za Bagamoyo ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa na urefu wa boriti za mikoko. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa isiyolingana, na huivunjavunja sauti. Spika zilezile nimezisikiliza nyumbani kwa binti yangu, penye vigae sakafuni na vioo pande mbili, na zilinipigia kelele kama mtu asemaye ndani ya pipa.

Basi nilimwomba binti yangu atundike shuka mbele ya meza, nikafumba macho juu ya hiyo shuka, naye akawa anabadilisha nyaya bila kuniambia. Jambo hili tulilifanya kwa usiku tatu.

Nyimbo za dansi za miaka ya 1960, za Salum Abdallah na za NUTA Jazz, nilizichagua kutoka sanduku la baba karibu kila mara. Nyimbo zile zilinaswa kwa mkondo mmoja, na walioketi mtamboni walijua zitasikilizwa wapi. Sauti ya mwimbaji ilitoka mahali pamoja, imesimama mbele ya magitaa kama ilivyotakiwa. Katika spika mpya nilisikia zaidi na nikapenda pungufu: nilisikia ukuta wa studio na mkanda uliochoka.

Lakini tulipoweka ilimba ya marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyehamia hapa Bagamoyo na kuufanya mji huu ujulikane mbali mpaka alipofariki mwaka 2003, nilishindwa. Ilimba, kama walimu wa muziki wajuavyo, si chuma na ubao tu. Katika sanduku lake hutobolewa tundu, na tundu huzibwa kwa utando wa buibui, ili kila chuma kipigwapo utando nao uzizime. Mzizimo huo si hitilafu. Umetiwa kwa makusudi, na asiyeusikia hajaisikia ilimba. Sanduku la baba liliufuta kabisa. Kwa miaka nilikuwa nimesikiliza ilimba iliyonyolewa nywele. Spika za binti yangu ziliurudisha mzizimo wote, ukapanda mpaka kwenye boriti, na nikalazimika kuondoa shuka nione ni zipi zinazopiga, ingawa nilijua.

(Kuhusu zile sabufa zinazotikisa mabati ya mabaa kutoka Bunju hadi Mapinga sitasema mengi. Chombo kinachojua neno moja tu, hata likiwa kubwa, hakijajua lugha. Binti yangu husema hilo ni neno la mzee, na huenda ni kweli.)

Sasa nifike kwenye kaseti.

Mwaka 1983, wakati mimi nikiwa shule ya bweni, mjomba alikuja kutoka Unguja na redio kaseti, akaiacha kwetu kwa majuma mawili. Baba alijinasa humo akiimba shairi lake la jahazi la boriti, beti saba, kwa mahadhi ya taratibu. Ndilo shairi alilojulikana nalo hapa mjini. Lilisomwa katika harusi za dada zangu, na mimi mwenyewe, nilipoanza kutunga, nilijifunza mizani kwa kulihesabu vidoleni. Baba alifariki mwaka 1996 na mama mwaka 2001. Kila mwaka, siku tunayowasomea hitima, jioni tukibaki wenyewe huiweka kaseti ile katika sanduku la baba. Mwishoni, baada ya ubeti wa saba, hubaki kama nusu dakika ya mvumo kabla mtambo haujazimwa. Sisi watoto tuliuita mvumo huo bahari, kwa kuwa dirisha la chumba kile linaielekea pwani.

Binti yangu aliipeleka kaseti Dar es Salaam ikahamishiwa kwenye kompyuta kabla mkanda haujakatika. Usiku wa tatu wa majaribio yetu aliiweka katika spika zake. Sauti ya baba ilikuja kavu kuliko niliyoizoea, na nafsi yangu iliikataa: nilisikia anavyovuta pumzi, nilisikia meno. Katika ubeti wa tano alipofika “Wimbi likija,” akasita. Kusita huko nakujua tangu ujana wangu. Nilikuwa nikiwaeleza vijana kwamba ni ustadi wa mwimbaji kumngojesha msikilizaji. Kisha akaendelea, “ni shwari, likitoka ni kilio.”

“Baba,” binti yangu akasema, “nani huyo anayemkumbusha?”

Mimi sikusikia kitu. Mtu akivuka miaka hamsini masikio yake huanza kuzipoteza sauti nyembamba, na mnong'ono una sauti nyembamba tupu, hauna mlio wa koo. Alirudisha mara nne. Mara ya tano nilisogea karibu na kisanduku hadi kitambaa chake kikagusa sikio langu, nikaisikia: “shwari.” Herufi ya mwanzo ilikuja kama mchanga umwagikao, kisha akaingia baba na neno lilelile. Ni sauti ya mama. Hakuna mtu aliyepata kutuambia kwamba mama alikuwamo chumbani.

Tukaiacha iendelee mpaka bahari. Redio kaseti za siku zile zilikuwa na mtambo wa kujirekebisha zenyewe: msemaji akinyamaza, chombo hujiongezea usikivu, na kilichokuwa mbali huvutwa karibu. Baba aliponyamaza, chombo kilimtafuta mwingine. Ndani ya mvumo ule tuliouita bahari kwa miaka karibu arobaini mna mwanamke anayesema shairi kwa mnong'ono, taratibu, kwa mizani ileile na vina vilevile. Ni ubeti wa nane.

Wanafunzi wa ushairi wanajua kwamba watunzi wetu wa jadi hufunga shairi kwa kaditama, ubeti wa kuaga, na mara nyingi humo ndimo mtunzi anapojitaja. Shairi la jahazi, kama lilivyo katika daftari la baba, halina kaditama. Nilipata hata kuandika, katika makala fulani, kwamba kuliacha wazi vile kulikuwa ushujaa. Kaditama ilikuwapo. Mstari wa kwanza unaaga, wa pili unawaomba radhi wajuzi, wa tatu haujatusikikia vyema ila neno “boriti.” Wa nne unaanza, “Jina langu ukitaka,” na hapo kitufe kinabonyezwa.

Usiku huohuo tuliunganisha tena sanduku la baba na kusikiliza sehemu hiyo. Lilitoa bahari, tamu, ya mbali, kama lilivyoitoa siku zote. Nilijaribu kumsikia mama humo sasa kwa kuwa nilijua yuko wapi, na sikuweza.

Wahandisi wa BBC, walipounda katika miaka ya 1970 ile spika ndogo iitwayo LS3/5A kwa magari ya matangazo ya nje, walijali mno sauti ya mtu asemaye, kwa kuwa ndiyo sauti ambayo sikio halisamehe ikikosewa. Kipimo chema cha spika ni kumweka mtu unayemfahamu aseme, kisha uisikie sauti yake katika spika, na kumrudia mwenyewe. Mimi nina sauti mbili za kupimia, na wenyewe wamelala Kaole.

Kaka yangu nilipomsikilizisha alikasirika. Hoja yake si dhaifu. Alisema mama alikuwa akimkumbusha mumewe ubeti alioutunga mwenyewe na kuusahau, kama mke yeyote ambaye amelisikia shairi mara mia. Kwamba “jina langu” ni la mtunzi, na anayelisoma shairi la mwingine hulisema vilevile. Akasema pia kwamba jina la mzee limekaa miaka arobaini juu ya shairi lile, na visanduku viwili vyeupe visitake kulishusha. Nilimjibu kwamba baba alikuwa na kumbukumbu ya kutisha na hakupata kusahau ubeti. Hatukuelewana.

Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi Kaole, naye amevuka miaka themanini. Idi ilipofika alikuja Dunda. Nilimwamkia, “Shikamoo, mama,” akaitika, nikamkalisha kwenye kiti cha baba na kumwekea kaseti, kwanza katika spika mpya. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Kwenye “shwari” hakushtuka. Sijui kama alisikia. Kwenye bahari nilipandisha sauti, na binti yangu akamnong'onezea sikioni kila neno linapokuja.

“Ni dada,” akasema.

Nikamuuliza, “Mama, shairi hili alilitunga nani?”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa nani aliyepika wali wa jana. “Mwanangu, wale wawili walikuwa wakitunga usiku, taa imezimwa ili mafuta yasiishe. Huyu anasema hili, yule anasema lile. Asubuhi baba yenu anaandika, kwa sababu yeye ndiye mwenye kalamu. Sasa mimi nimwambie nani?”

“Na ile kaditama, kwa nini hakuiandika?”

“Labda aliogopa kuulizwa hilo unaloniuliza wewe.” Akacheka, kisha akanyamaza. Baada ya muda akanyoosha kidole kuelekea mezani. “Niwekee katika hilo la mbao.”

“Humo dada yako hasikiki, mama.”

“Najua,” akasema. “Niwekee hilohilo.”

Binti yangu akazima spika zake. Mimi nikazunguka nyuma ya meza, nikazitafuta zile nyaya mbili.